Baada ya Hukumu: Mafunzo ya Sheria na Karatasi ya Kutia Sahihi

(Haya ni maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi. Ndugu wengi walikuwa zamu siku ile, kwa hiyo tumeyapiga chapa ili kila mwanachama ajisomee.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linaloingia katika makampuni mengi siku hizi, nalo ni mafunzo ya sheria. Mtu huitwa kutoka kazini, akawekwa chumbani au mbele ya kompyuta, akaonyeshwa maneno na picha kwa muda wa saa moja, akaulizwa maswali machache, kisha akatia sahihi kwamba amesoma, ameelewa na atafuata. Halafu hurudi kazini. Wengi wametuuliza karatasi hiyo ni ya nini, na kama inamlinda mfanya kazi ama inamlinda tajiri. Ni swali zuri, wala halijibiwi kwa neno moja. Afadhali tulitazame kwa njia ya kesi zilizokwisha kukatwa, maana mafunzo haya, hasa yale yanayohusu sheria ya kukataza makampuni kula njama, hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitoka kortini.

Kesi ya kwanza yatuhusu sana kwa kuwa ni ya vifaa vya reli.

Sisi sote twaijua breki ya upepo. George Westinghouse wa Marekani ndiye aliyeitengeneza, mwaka 1869. Kabla yake watu wa breki walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, treni likienda, wakazungusha breki kwa mikono, hata wakati wa barafu, na wengi walianguka wakafa. Kampuni aliyoianzisha ingali hai, nayo siku hizi yaitwa Wabtec. Mshindani wake mkubwa ni Knorr-Bremse, kampuni ya Ujerumani yenye makao yake Munich. Kulikuwa na ya tatu, Faiveley ya Ufaransa, lakini hiyo ilinunuliwa na Wabtec mwaka 2016. Haya ni katika makampuni makubwa ya dunia nzima katika kazi ya vifaa vya reli.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Makampuni haya yalishindana kuuza breki, lakini katika kuajiri watu hayakutaka kushindana. Tangu mwaka 2009 hivi, wakubwa wa upande mmoja walipatana na wakubwa wa upande wa pili kwamba huko Marekani hapana atakayemchukua mfanya kazi wa mwenzake mpaka mwenzake akubali. Hapakuwa na mkutano wa wafanya kazi, wala tangazo ubaoni. Palikuwa na barua na mazungumzo ya wakubwa tu. Katika barua moja ya Januari 2009, mkubwa mmoja wa upande wa Knorr alimwandikia mkubwa wa upande wa Wabtec kumkumbusha kwamba wote wawili walikubaliana wasitafutiane watu, na kwamba mashindano yao ni ya sokoni.

Fikirini juu ya fundi mmoja wa breki. Amefanya kazi miaka kumi na ujuzi wake ni haba, kwa sababu kazi hii hujifunzwi kwa siku mbili. Serikali ya Marekani yenyewe ilieleza mbele ya korti kwamba watu wa namna hiyo ni wachache na huchukua muda mrefu kupatikana. Fundi huyu anasikia upande wa pili wanatafuta mtu. Anapeleka barua. Barua inasomwa, inasifiwa, halafu inawekwa kando. Anajibiwa kwamba nafasi imejaa, au hajibiwi kabisa. Anarudi nyumbani akidhani ujuzi wake haukutosha. Na tajiri wake, akijua kwamba mtu huyu hana pa kwenda, ana haja gani ya kumwongeza mshahara? Hapo ndipo wizi ulipo, ndugu zetu. Hapana shilingi iliyotolewa mfukoni mwa mtu, ila ile ambayo ingeingia ilizuiwa mlangoni.

Tarehe 3 Aprili 2018 Idara ya Sheria ya Marekani iliyapeleka makampuni hayo kwenye korti ya Washington. Hayakubishana mpaka mwisho. Yalikubali hukumu iandikwe, bila ya kukiri kosa, na hukumu ikaandikwa mwaka huo huo. Wafanya kazi nao walifungua kesi yao wenyewe huko Pittsburgh, na mwaka 2020 ikamalizika kwa makampuni kukubali kulipa karibu dola milioni 49, Wabtec ikibeba sehemu iliyo kubwa.

Na ndani ya hukumu ile ya Washington ndimo tunamoyakuta mafunzo. Kila kampuni iliamriwa imweke ofisa mmoja wa kusimamia jambo hili. Ofisa huyo awape mameneja na watu wa ofisi ya kuajiri nakala ya hukumu yenyewe, na kila mwaka awafundishe maana yake. Kila mmoja atie sahihi kwamba ameisoma na ameielewa, na kwamba hajui kosa lolote ambalo halijaripotiwa kwa kampuni, na kwamba anajua akiivunja korti inaweza kumwadhibu. Tena wafanya kazi wa kawaida waambiwe kila mwaka kwamba mtu akijua kosa anaweza kulisema bila ya kulipiziwa kisasi.

Tazameni vizuri jinsi mafunzo haya yalivyopangwa. Yalianza kwa nani? Yalianza kwa meneja na kwa ofisi ya kuajiri, yaani kwa wale wenye uwezo wa kufanya kosa. Hayakuanza kwa mfagiaji. Yule mtu wa chini alipewa habari ya mlango wa kusema. Na nyuma ya mafunzo yote alisimama jaji. Sisi twaona kwamba mafunzo ya namna hii yana maana, na tajiri yeyote akitaka kutufundisha kwa namna hii, tumpokee.

Lakini si mafunzo yote yaliyo hivyo, na hapa yatupasa turudi nyuma miaka mingi, mpaka mwaka 1961.

Kwanza tuseme neno moja la kwetu. Kila mtu wa reli ametia sahihi kitabu cha kanuni. Kitabu chasema treni lisiondoke mpaka breki zijaribiwe. Lakini saa ikipita, na simu ikalia, na bwana mkubwa akauliza mbona mnachelewesha, haambiwi mtu avunje kanuni. Huambiwa tu, “Fanyeni haraka.” Maneno hayo mawili hayaandikwi popote. Ajali ikitokea, kitabu hufunguliwa mahali palipo na sahihi ya dereva na sahihi ya gadi. Mwenye kulijua hilo atakielewa kisa kinachofuata bila ya shida.

Huko Marekani makampuni ya General Electric na Westinghouse ya umeme (hii ni kampuni nyingine, si ile ya breki, ingawa mwanzilishi ni yule yule George Westinghouse) na mengine mengi yalikuwa yakiuza transfoma, swichi kubwa za vituo vya umeme, na mitambo ya turbini. Wanunuzi walikuwa serikali, miji na mashirika ya umeme. Kuuza kulikuwa kwa tenda. Kila kampuni hutia bei yake katika bahasha, bahasha ikafungwa, na siku ya kufungua mwenye bei ya chini ndiye apataye kazi. Ajabu ni kwamba bahasha zilipofunguliwa, mara nyingi bei zilikuwa sawasawa. Shirika la serikali la umeme liitwalo Tennessee Valley Authority lilichoka, na mwaka 1959 jambo hilo likatangazwa hadharani. Mwaka huo huo shirika hilo lilikuwa limenunua turbini kubwa kutoka kampuni ya Uingereza, ambayo bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya makampuni ya kwao, ijapokuwa mtambo ulivukishwa bahari.

Serikali ilipochunguza ilikuta njama ya miaka mingi. Mameneja wa makampuni walikutana mahotelini kugawana kazi, huyu achukue hii kwa bei hii, na wengine waandike bei za juu ili ionekane kama kwamba walishindana. Walipojiandikisha hotelini hawakutaja kampuni zao. Asubuhi hawakula meza moja wasije wakaonekana pamoja. Walipigiana simu kutoka nyumbani au simu za barabarani, na barua zilipelekwa katika bahasha zisizo na jina la kampuni. Kila kampuni ilikuwa na namba, General Electric ikiwa 1, Westinghouse 2, Allis-Chalmers 3. Orodha ya waliokuja waliiita orodha ya kadi za Krismasi, na mkutano wenyewe waliuita mazoezi ya kwaya. (Sisi tuliosoma misheni twayajua mazoezi ya kwaya, na hatukuona hata siku moja yakipandisha bei ya umeme.) Kwa swichi kubwa walikuwa na karatasi ya hesabu waliyoipa jina la mwezi wa mbinguni unavyokua na kupungua. Kila baada ya wiki mbili zamu iligeuka, na kwa kuitazama karatasi hiyo kila mmoja alijua kama leo aandike bei ya chini au ya juu.

Basi je, watu hawa hawakufundishwa? Walifundishwa sana. General Electric ilikuwa na amri ya kampuni, namba 20.5, tangu mwaka 1946, na mwaka 1954 ikatiwa nguvu upya. Amri hiyo ilisema wazi kwamba hapana mtu wa kampuni mwenye ruhusa ya kupatana na mshindani juu ya bei, kwa wazi wala kwa kificho. Ni maneno mazuri, hata sisi leo hatungeweza kuandika bora zaidi. Mameneja walipewa waisome, wakaisoma, wakatia sahihi. Kisha wakaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Ilikuwaje? Walipohojiwa mwaka 1961 mbele ya kamati ya Seneti, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Seneta Estes Kefauver, baadhi yao walieleza kwamba waliikuta desturi hiyo kazini na wakubwa wao ndio waliowaingiza. Amri ilitolewa kwa kalamu, lakini anayeitoa alikonyeza jicho. Mtu aliyepata faida kubwa katika idara yake alipandishwa cheo, na hapana aliyemwuliza faida ilipatikana kwa njia gani. Mtu wa namna hiyo hujua ni neno lipi la kweli, lile lililo katika karatasi au lile lililo katika jicho.

Mwezi wa Februari 1961, Jaji J. Cullen Ganey alitoa hukumu mjini Philadelphia. Makampuni 29 yalitozwa faini pamoja na watu wao, jumla dola 1,924,500. General Electric peke yake ilitozwa dola 437,500 na Westinghouse dola 372,500. Watu saba walitiwa gerezani siku 30, na wengine zaidi ya ishirini vifungo vyao viliahirishwa. Mmoja wa wale saba, William Ginn, alikuwa makamu wa rais wa General Electric mwenye mshahara wa dola 135,000 kwa mwaka. Hapo zamani watu wa cheo hicho hawakufikiri kwamba sheria hii ingeweza kuwapeleka gerezani.

Jaji alisema maneno makali. Alisema kwamba lawama kubwa ni ya wale wanaoongoza makampuni, na kwamba wengi wa walioshtakiwa walikuwa watu waliobanwa katikati ya dhamiri zao na desturi ya kampuni, wakifikiri juu ya kazi zao na nyumba zao. Juu ya ile amri namba 20.5 alisema kwamba ilijulikana zaidi kwa kuvunjwa kuliko kwa kutimizwa. Lakini mwenyekiti wa General Electric hakushtakiwa, wala wa Westinghouse. Na General Electric ilifanya nini? Iliinua karatasi yake. Ilisema watu hawa wameivunja amri ya kampuni waliyoijua, ikawashusha vyeo, na baada ya hukumu ikawaondoa.

Hatuwalilii watu hao. Kila nyumba iliyowasha taa ililipia njama yao, na baadaye mashirika ya umeme yalifungua kesi zaidi ya elfu moja kudai yalipwe. Lakini twataka mwone kazi iliyofanywa na karatasi ile. Haikuzuia njama hata mwaka mmoja. Kazi yake ilionekana siku ya mwisho, ilipomtenga aliyetia sahihi na yule aliyekaa juu yake. Kama jambo hilo liliwapata makamu wa rais, karani wa tenda atasemaje?

Baada ya kesi ile mawakili wa Marekani walikuwa na kazi nyingi, kwa maana kila kampuni kubwa ilitaka kuwa na mafunzo. Mwaka 1991 serikali yao ilitoa taratibu za hukumu za makampuni, ambazo zilisema kwamba kampuni yenye mpango wa kweli wa kuzuia makosa inaweza kupunguziwa adhabu. Hapo mafunzo yakawa mali. Kampuni ikiwa na orodha ya watu wote waliosoma, ina kitu cha kumwonyesha jaji. Nao wanasheria wa serikali waliona hatari hiyo, na katika maongozi yao ya mwaka 2019, yaliyorekebishwa Novemba 2024, wanaulizana maswali ya kufaa: je, wakubwa wenyewe wanalifuata jambo hili? Je, mfanya kazi anaweza kusema bila ya kuogopa? Tangu Desemba 2020 wana hata sheria ya kumlinda mfanya kazi anayeripoti njama ya namna hii asifukuzwe wala kuteswa kwa ajili hiyo.

Tena yako mafunzo ya aina nyingine, nayo ndiyo tunayoyaogopa zaidi. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington alikata shauri kwamba kampuni ya Google ilivunja sheria ya kuzuia kuhodhi biashara, katika jambo la kutafuta habari kwa kompyuta. Katika kesi hiyo ilionekana kwamba wafanya kazi wa Google walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi jinsi ya kuandika. Wasitumie maneno fulani, kama vile kusema kampuni inatawala soko. Watu wengine wakawa na desturi ya kumtia wakili katika barua hata kama hakuna wanalomwuliza, ili barua ionekane ni siri ya wakili. Na ujumbe mwingi wa maongezi ulikuwa umetegwa ufutike wenyewe baada ya saa 24. Jaji alieleza kushangaa kwake kwa jinsi kampuni ilivyojitahidi kutoacha maandishi nyuma, ingawa katika hukumu hiyo hakuitoza adhabu kwa jambo hilo. Ndugu zetu, hayo nayo yanaitwa mafunzo ya sheria. Mtu anakaa darasani saa nzima akijifunza sheria, na anapotoka amejifunza jambo moja, kutoandika. Mkikalishwa katika darasa la namna hiyo, mtaitambua haraka. Mwalimu hatasema sana juu ya tendo, atasema sana juu ya maneno.

Wengine watauliza, basi njia ni ipi, ikiwa kampuni haiwezi kujifundisha yenyewe? Korti ya New York ilijaribu njia moja. Mwaka 2013 Jaji Denise Cote alikata shauri kwamba Apple ilikula njama na wachapishaji wa vitabu kupandisha bei ya vitabu vya kusomwa katika kompyuta, na akaweka msimamizi kutoka nje, wakili aitwaye Michael Bromwich, kuangalia kama mafunzo ya Apple ni ya kweli. Apple ilipigana naye sana, na moja ya malalamiko ilikuwa malipo yake, dola 1,100 kwa saa. Sisi tulipoisoma hesabu hiyo tulicheka kidogo. Lakini kazi yake ilimalizika mwaka 2015, na mafunzo yalifanywa mbele ya macho ya mtu ambaye hakuajiriwa na wakubwa wa Apple. Hilo ni jambo kubwa kuliko cheti chochote.

Sasa twataka kusema juu ya hatari moja inayotuhusu sisi wa vyama. Yako mafunzo ambamo wafanya kazi wanaambiwa, “Msizungumze juu ya mishahara, msizungumze na watu wa kampuni nyingine, ni kinyume cha sheria ya ushindani.” Msikubali neno hilo lipite bila ya kuuliza. Sheria ya Marekani ya kukataza njama za makampuni, iliyotolewa mwaka 1890, haikuchukua muda mrefu kugeuzwa. Mwaka 1894 wafanya kazi wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman, karibu na Chicago, walipunguziwa mishahara huku kodi ya nyumba, ambazo ni za tajiri huyo huyo, ikibaki pale pale. Wakagoma. Chama cha watu wa reli, American Railway Union, kikawaunga mkono, treni zikasimama. Serikali ikapata amri ya korti, na katika hoja zake ikaitumia sheria ile ile iliyotungwa kwa ajili ya matajiri. Kiongozi wa chama, Eugene Debs, alifungwa miezi sita mwaka 1895 kwa kuivunja amri hiyo, ingawa Korti Kuu ilipothibitisha kifungo hicho haikuegemea sheria ya 1890, ilitumia sababu nyingine. Hesabuni wenyewe: kiongozi wa watu wa reli alikaa ndani miezi sita, na wale mameneja wa umeme, miaka 66 baadaye, siku 30.

Wafanya kazi wa Marekani walilipigania jambo hilo mpaka mwaka 1914, ilipotolewa sheria ya Clayton iliyotamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Maana yake ni kwamba watu wakiungana kutafuta mshahara, hiyo si njama ya wauzaji. Matajiri wawili wakipatana kwa siri kwamba fundi asipate kazi upande wa pili, hiyo ndiyo njama, kama ile kesi ya breki ilivyoonyesha.

Hapa kwetu Kenya tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Mamlaka ya Ushindani ya kuitekeleza. Si sheria ya mchezo. Mwezi wa Agosti 2023 Mamlaka hiyo ilitoza makampuni tisa ya chuma shilingi milioni 338.8 kwa kupatana bei na kuzuia mali isizidi sokoni. Kila mmoja wetu aliyejenga hata chumba kimoja nyumbani alinunua nondo au waya. Na sheria yenyewe haimwangalii mwenye kampuni peke yake. Mtu aliyeshiriki njama ya bei anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au yote mawili. Karani wa ofisi ya tenda asidhani kwamba kusema “nilitumwa” kutamtoa. Wale wa Philadelphia walitumwa pia.

Kwa habari ya mishahara, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma, na inavipa vyama vya wafanya kazi na vya waajiri haki ya kukaa mezani kupatana. Mwalimu wa mafunzo akitwambia kwamba majadiliano ya mishahara ni njama, aonyeshwe kifungu hicho kwa heshima, tena mbele ya watu.

Kamati imekubaliana mambo yafuatayo, nayo yataanza mara moja. Mwanachama akiitwa kwenye mafunzo ya sheria, aende, asikatae, kwa maana kukataa kutaandikwa dhidi yake na sheria ni vizuri kuijua. Lakini kabla ya kutia sahihi aombe nakala ya karatasi. Kama kuna neno asilolielewa, hasa likiwa la Kiingereza cha mawakili, aseme kwamba hajalielewa, na aandike hivyo juu ya sahihi yake. Asitie sahihi kwamba ameelewa ikiwa hakuelewa. Kama yuko katika kazi ya tenda, stoo, au kununua vifaa, na bwana mkubwa anamwambia kwa mdomo jambo lililokatazwa katika karatasi, aombe apewe kwa maandishi. Mara nyingi jambo lenyewe litakufa hapo hapo.

Nasi kamati tutamwandikia meneja barua ya maswali matatu. Mameneja nao wamekaa katika mafunzo haya, na ni lini? Mfanya kazi akijua kosa, amwambie nani ambaye si yule aliyelifanya? Na ni nani aliyeahidi kwa maandishi kwamba mtu huyo hatahamishwa kituo wala kupunguziwa kazi? Majibu yakija yatapigwa chapa katika karatasi hii. Yasipokuja kabla ya mkutano wa mwezi ujao, tutapiga chapa maswali peke yake, pamoja na tarehe tuliyoyapeleka.

Nakala za karatasi mlizokwisha kutia sahihi mleteeni katibu wa tawi, ofisini, kabla ya zamu ya jioni.